Bunduki ya sindano ya Prusia, na kazi ngumu ya kuziba nyuma ya mtutu

Kuna bunduki moja ya karne ya 19 iliyovujisha moto usoni mwa mpigaji, yenye sindano inayokatika vitani, na yenye masafa mafupi kuliko bunduki za maadui zake. Hata hivyo ndiyo iliyoyafanya majeshi yote makubwa ya Ulaya yatupe silaha zao za zamani ndani ya miaka michache. Ili kuelewa sababu, tuanze na mtu mwenye gobore.

Gobore hupakiwa kwa mdomo. Mpigaji anaisimamisha, kitako chini, anamimina baruti mdomoni mwa mtutu, anafuatisha risasi, anachomoa mdeki na kushindilia mpaka mwisho, anaurudisha mdeki mahali pake, anainua bunduki, anavuta nyundo, anavika fataki (kikofia kidogo chenye dawa ya kuwasha baruti), ndipo alenge. Mwanajeshi aliyefunzwa vizuri, katikati ya karne ile, aliweza kupiga mara 2 au 3 kwa dakika. Watu wengi wakizungumzia udhaifu wa gobore hutaja kasi hiyo. Mimi naona udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba kazi yote hiyo hufanywa mtu akiwa wima au, kwa taabu, amepiga goti. Ukilala kifudifudi, mdomo wa mtutu uko mbali na mkono, mdeki hauna nafasi ya kupita, na baruti haipandi mlima. Kwa hiyo vita vya mstari mmoja wa watu waliosimama ukitazamana na mstari mwingine havikuwa ushamba wa majenerali peke yake. Bunduki yenyewe ilikataa kupakiwa na mtu aliyejificha.

Dawa yake inaonekana wazi: fungua mtutu kwa nyuma, uweke risasi palepale inapotakiwa kukaa. Wazo hilo ni la kale. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alikuwa na bunduki za kupakia kwa nyuma katika karne ya 16. Mwaka 1776 ofisa Mskoti aitwaye Patrick Ferguson alipata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, ya bunduki ambayo ukizungusha kilinzi cha kifyatulio mara moja, parafujo nene inateremka na kuacha tundu juu ya mtutu. Unaingiza risasi na baruti, unazungusha tena, umefunga. Kikosi kidogo kilipigana nayo Brandywine, Marekani, mwaka 1777. Kisha ikapotea. Marekani wenyewe walikuwa na bunduki ya John Hall tangu 1819, ambayo kipande cha nyuma cha mtutu kiliinuka ili kipakiwe. Nayo haikuenea nje ya nchi yao.

Kwa nini wazo zuri likae karne tatu bila kushika? Kwa sababu kufungua nyuma ni rahisi, ila kuziba ndiyo kazi. Baruti ikiwaka ndani ya mtutu hugeuka gesi yenye joto kali na msukumo mkubwa, na gesi hiyo haijui mbele wala nyuma. Inasukuma kila upande. Katika gobore, nyuma pamekazwa kwa kizibo cha chuma kisichoguswa maisha yote ya bunduki, na upenyo pekee ni tundu dogo la fataki. Ukitengeneza mlango nyuma, umetengeneza pia ufa, hata uwe mwembamba kama unywele. Gesi ikipita hapo inapunguza nguvu ya risasi, inamchoma mpigaji, na inakula chuma chenyewe, hivyo ufa unapanuka kila siku. Mafundi wa zamani walikosa mashine za kuchonga chuma kwa usahihi wa kutosha, na hata walioweza walishindwa na masizi: baruti nyeusi huacha uchafu mwingi kila ikiwaka, na baada ya milio kadhaa ule mlango ama haufungi sawasawa au haufunguki kabisa.

Mtu aliyelisukuma jambo hili mpaka likakubaliwa na jeshi zima alikuwa mtoto wa fundi makufuli. Johann Nikolaus Dreyse alizaliwa mwaka 1787 Sömmerda, mji mdogo karibu na Erfurt, Ujerumani. Akiwa kijana alikwenda Paris akafanya kazi kwa Mswisi mmoja, Samuel Johannes Pauly, ambaye mwaka 1812 alipata hataza ya bunduki ya kupakia kwa nyuma iliyotumia risasi iliyokamilika, yaani baruti, risasi na kiwashio katika kifurushi kimoja. Pauly alikuwa mbele mno ya wakati wake na hakufaidika. Dreyse alirudi nyumbani na wazo hilo kichwani, akaanza kutengeneza fataki, na mwaka 1836 akawa na bunduki iliyofunguka nyuma. Desemba 1840 Friedrich Wilhelm wa Nne, mfalme wa Prusia, dola kubwa la Kijerumani la wakati ule, aliagiza bunduki 60,000. Jeshi likaipa jina la kupoteza watu maboya: bunduki nyepesi ya fataki ya mwaka 1841. Nia ilikuwa kuziweka ghalani kwa siri mpaka vita kubwa. Siri hiyo iliharibika Juni 1848, pale raia wenye hasira walipovamia ghala la silaha la Berlin na kutoka nazo mitaani.

Sasa tuifungue tuone.

Nyuma ya mtutu kuna bomba la chuma lenye mkato juu yake. Mkato unakwenda moja kwa moja kisha unapinda kulia. Ndani ya bomba hilo linateleza komeo, na neno hilo nalitumia kwa makusudi, maana linafanya kazi ileile ya komeo la mlango: lina kishikio, ukikisukuma mbele na kukilaza upande, kinaingia kwenye ule mkunjo na komeo haliwezi kurudi nyuma. Bunduki nyingi za kijeshi zilizofuata, mpaka zile za Vita Kuu ya Pili, zilifungwa kwa mtindo huu wa kusukuma na kulaza.

Ndani ya komeo kuna springi, na ndani ya springi kuna sindano: waya wa chuma cha pua, mrefu na mwembamba. Sehemu hiyo ina kibanda chake kidogo chenye kikwato cha kushikwa kwa kidole gumba. Mpigaji anaanza kwa kuvuta kibanda hicho nyuma, ili sindano iingie ndani isije ikachoma risasi mpya kabla ya wakati. Anapiga kishikio kwa kiganja kiinuke, anavuta komeo nyuma, na hapo mtutu uko wazi. Anaweka risasi, anasukuma komeo mbele, anakilaza kishikio. Mwisho anasukuma kibanda mbele kwa kidole gumba. Springi inajikunja, sindano inanaswa na kifyatulio, na unasikia mlio mdogo wa chuma. Bunduki iko tayari. Hakuna mdeki, hakuna kuvika fataki kwa vidole vinavyotetemeka, na hakuna namna ya kupakia risasi mbili moja juu ya nyingine bila kujua, kosa lililokuwa la kawaida sana kwa magobore pale mtu anapochanganyikiwa vitani.

Risasi yenyewe ndiyo ya ajabu zaidi. Nje ni karatasi tu. Nyuma imejaa baruti. Mbele kuna risasi ya madini ya risasi yenye umbo la yai lililochongoka, nene kama milimita 13.6, wakati mtutu una upana wa milimita 15.4. Kwa hiyo haigusi mtutu kabisa. Imekalishwa ndani ya kikombe cha karatasi iliyoshindiliwa ikawa ngumu, na kikombe hicho ndicho kinachobana ile mifereji minne ya mzunguko iliyochongwa ndani ya mtutu, kikazunguka pamoja na risasi, kisha kikaanguka kikishatoka nje. Na fataki iko wapi? Iko kwenye tako la kikombe, yaani mbele ya baruti, katikati ya kifurushi.

Hapo ndipo unapoona haja ya sindano ndefu. Ukivuta kifyatulio, sindano inatoboa karatasi ya nyuma, inapenya baruti yote kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo inaigonga fataki. Dreyse aliamini kwamba baruti ikiwashwa kutoka mbele kurudi nyuma itaungua yote badala ya nyingine kurushwa nje mbichi. Gharama yake ni kwamba kila bunduki inapolia, sindano iko katikati ya moto. Chuma chembamba kikichomwa mara kwa mara na kupakwa masizi yenye chumvi hupata kutu, hudhoofika, hukatika. Jeshi lilijua, likampa kila mwanajeshi sindano za akiba na kumfundisha kubadilisha bila kifaa chochote. Jambo hilo lilihesabiwa na wapinzani kuwa aibu ya bunduki nzima. Naona hawakuwa waadilifu. Sehemu inayoharibika lakini inabadilika palepale ni afadhali kuliko sehemu imara ambayo ikivunjika lazima bunduki irudishwe kiwandani.

Aibu ya kweli ilikuwa kwenye ule ufa. Dreyse aliuchonga mwisho wa mtutu ukawa kama pia, na mdomo wa komeo ukawa na shimo la umbo hilohilo, kimoja kikaingia katika kingine, chuma kwa chuma. Bunduki ikiwa mpya na safi, ilitosha. Ikishachakaa, gesi ilipenya. Taarifa za wakati ule zinasema kwamba wanajeshi waliochoka kuunguzwa uso waliishusha bunduki wakapiga kutoka kiunoni, bila kulenga. Na hata isipomchoma mtu, nguvu iliyopotea nyuma haikurudi. Risasi ya Dreyse ilitoka polepole, na kipimo cha kulengea kiliishia karibu na mita 600.

Pamoja na hayo yote, tazama kilichotokea Denmaki. Tarehe 3 Julai 1864, karibu na kijiji cha Lundby, kaskazini mwa Jutland, Wadenmaki kama 180 waliwashambulia Waprusia kama 120 waliojibanza nyuma ya tuta la udongo. Wadenmaki walikuja kwa safu nzito, singe mbele, kama walivyofundishwa: adui akishapiga mara moja atakuwa anapakia, basi mkimbilie. Waprusia walipiga, wakapakia palepale walipokuwa, wakapiga tena, wakapakia, wakapiga. Shambulio lilikwisha kwa dakika chache. Karibu nusu ya kikosi cha Denmaki walikuwa wamekufa, wamejeruhiwa au wametekwa. Upande wa pili walijeruhiwa watu 3.

Miaka miwili baadaye, tarehe ileile ya 3 Julai, yalitokea mapigano makubwa ya Königgrätz, Bohemia, kati ya Prusia na Austria. Waaustria walikuwa na bunduki ya Lorenz, ya kupakia kwa mdomo, iliyopiga mbali na kwa usahihi kuliko ya Dreyse, na mizinga yao ilikuwa bora pia. Kwenye karatasi, mtu angewapa ushindi. Lakini mwaka 1859 walikuwa wameshindwa na Wafaransa waliowavamia kwa singe, wakajifunza somo hilo kwa ukamilifu uliopita kiasi: sasa wao ndio wangevamia kwa singe. Walizikimbilia, wakiwa wamesongamana, bunduki ambazo kwa mkono uliozoea zilitoa risasi 5 hadi 7 za kulenga kwa dakika, zikipigwa na watu waliolala chini au kusimama nyuma ya miti. Austria ilipoteza zaidi ya watu 40,000, karibu nusu yao wakiwa mateka. Prusia kama 9,000. Reli, mipango ya Moltke, mkuu wa majeshi ya Prusia, na makosa ya Waaustria vyote vilikuwa na sehemu yake, na anayesema sindano peke yake ilishinda vita anarahisisha mno. Ila baada ya siku ile hakuna jeshi kubwa lililonunua tena bunduki ya kupakia kwa mdomo.

Jambo linalonishangaza ni jinsi hoja ya majenerali dhidi ya bunduki hizi ilivyokuwa moja kila mahali: mwanajeshi akipewa silaha ya haraka atamaliza risasi zake kwa woga na kubaki mikono mitupu. Hoja haikuwa ya kijinga. Risasi zilibebwa mgongoni na kwa mikokoteni. Kilichowasaidia Waprusia ni mazoezi. Walifundishwa kungoja amri na kupiga kwa utaratibu.

Wafaransa walijibu haraka. Mwaka 1866 walipokea bunduki ya Antoine Chassepot, iliyokuwa na sindano pia, ila fataki ilihamishiwa kwenye tako la risasi, basi sindano ikawa fupi na haikupita kwenye baruti. Mtutu ukapunguzwa hadi milimita 11. Na ule ufa Chassepot aliuziba kwa mpira. Aliweka pete nene ya mpira karibu na mdomo wa komeo. Baruti ikiwaka, msukumo unaibana pete, pete inatanuka pembeni na kuugandamia ukuta wa mtutu. Gesi inajifungia njia yenyewe, na inavyozidi kusukuma ndivyo mpira unavyozidi kubana. Kipimo cha kulengea kilifika mita 1,200. Tarehe 18 Agosti 1870, pale Saint-Privat, katika vita kati ya Prusia na Ufaransa, Walinzi wa Mfalme wa Prusia walipandisha mteremko ulio wazi kuelekea bunduki hizo, wakapoteza kama watu 8,000, wengi wao ndani ya muda mfupi sana. Prusia ilishinda vita ile kwa mizinga ya chuma cha pua ya Krupp, iliyopakiwa kwa nyuma nayo. Kwa bunduki za mkononi ilikuwa imeshaachwa.

Mpira nao una mwisho wake. Joto huukausha, baridi huufanya mgumu, na pete iliyopasuka ni ufa uleule umerudi.

Suluhisho lililodumu mpaka leo liliuondoa ufa kwenye bunduki likaupeleka kwenye risasi. Badala ya karatasi, baruti ikawekwa ndani ya ganda la shaba lenye fataki takoni. Baruti ikiwaka, ganda linatanuka na kujibana kwenye kuta za chemba; gesi haina pa kupita ila mbele. Msukumo ukishapungua, shaba inanywea kidogo na ganda linatoka. Kila mlio una kizibo chake kipya, kinachotumika mara moja na kutupwa. Masizi, kuchakaa, baridi, vyote vikakosa nguvu. Prusia, sasa ikiwa ndani ya Dola ya Ujerumani, ikachukua bunduki ya ndugu Wilhelm na Paul Mauser wa Oberndorf, ikaiita Modeli ya 71: komeo lilelile la kusukuma na kulaza, pini fupi badala ya sindano, risasi ya shaba ya milimita 11, moja moja. Haikuwa na kitu cha kulirusha ganda nje. Komeo lililivuta likaishia hapo, na mpigaji akalazimika kuinamisha bunduki ubavu ili ganda lidondoke.

Kuna upande mmoja wa mabadiliko haya ambao vitabu vya silaha hupita haraka, na kwetu Afrika Mashariki ndio uliouma. Gobore hula chochote. Baruti nyeusi huweza kutengenezwa nje ya kiwanda, na risasi huyeyushwa kwenye kijiko juu ya mkaa; mhunzi wa kijijini anaitunza silaha hiyo miaka na miaka. Risasi ya karatasi ya Dreyse nayo ingeweza kukunjwa kwa mikono, mradi fataki ipo. Ganda la shaba ni jambo lingine. Linahitaji bamba la shaba lililokandamizwa kwa mashine hatua kwa hatua, kwa vipimo visivyotofautiana. Mwenye kiwanda ndiye mwenye bunduki.

Madola ya Ulaya yalilielewa hilo vizuri. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890 kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika eneo lote la Afrika kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na watu wachache wenye vibali. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa masharti ni bunduki za gumegume zenye mitutu isiyo na mifereji, na baruti ya kawaida ya biashara. Sheria ikachora mstari palepale ufundi ulipouchora: wanaopakia kwa mdomo huku, wanaopakia kwa nyuma kule.

Tarehe 17 Agosti 1891 mstari huo ulivukwa kwa mkuki. Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo, Uhehe, kwa kasi iliyowanyima askari wake nafasi ya kupanga safu, wakamwua kamanda na kuondoka na bunduki kama 300 na mizinga 3. Bunduki walizipata. Kiwanda cha kuzilisha hawakukipata, na kila risasi iliyopigwa ilikuwa imepungua moja kwa moja kwenye akiba isiyo na mahali pa kujaziwa. Ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, ingawa Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi 1898.

Cha kuchekesha ni kwamba Wajerumani nao walikuja kubanwa na bunduki yao hiyohiyo ya Modeli ya 71. Mwaka 1886 Wafaransa walikuwa wameingiza jeshini bunduki ya Lebel, iliyotumia baruti mpya ya Paul Vieille isiyotoa moshi mwingi, na kwa siku moja bunduki zote za baruti nyeusi zikawa za kizamani. Ujerumani ikabadilisha za kwake Ulaya. Zile Modeli ya 71 zikapelekwa kwa askari wa makoloni. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Ujerumani Afrika Mashariki, zilikuwa bado nazo. Kila mlio ulitoa wingu jeupe juu ya kichaka, na mwenye bunduki ya mashine upande wa pili hakuhitaji kuelekezwa.

Novemba mwaka huo Waingereza walishuka Tanga kwa jeshi kubwa lililotoka India, wakashindwa, wakarudi melini wakiacha mali yao ufukweni. Lettow-Vorbeck alihesabu bunduki za kisasa zilizotosha kampuni 3, bunduki za mashine 16 na risasi 600,000. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo iliyozipa zile nyingine thamani. Bunduki za Waingereza zilitumia risasi ya kipimo tofauti kabisa na za Kijerumani, na bila makasha yale askari waliokabidhiwa wangezitumia kwa singe zake tu.